Skrini iko ndani ya gari, mtandao uko wapi? Magari ya Japani na shida ya intaneti mashariki mwa Kongo

Kompani ya simu ya Japani, NTT Docomo, ilitangaza tangu 2019 kwamba itazima mtandao wake wa 3G tarehe 31 Machi 2026. Wenzake walitangulia: KDDI ilizima 3G yake tarehe 31 Machi 2022, na SoftBank ikafuata 2024. Kwa mtu wa Goma, Butembo, Bunia ao Uvira, habari hiyo inaonekana kuwa ya mbali sana. Lakini inagusa kitu ambacho wengi wanakiona kila siku mbele ya usukani: ile skrini kubwa ya gari iliyotoka Japani, yenye ramani, muziki na alama ya mtandao ambayo haiwaki hata siku moja.

Magari mengi yanayotembea mashariki mwa Kongo yalitumiwa kwanza na watu wengine, na sehemu kubwa yametoka Japani kwa kupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Usukani wa upande wa kuume unayatambulisha mara moja, kwa sababu nchini Kongo magari hupita upande wa kuume wa barabara na usukani ungepaswa kuwa upande wa kushoto. Mnunuzi anaangalia moteri, anaangalia bodi, anaangalia matairi. Skrini anaiona kama zawadi. Ni baada ya kulipa duane na kuingiza gari nyumbani ndipo anaanza kuuliza: mtandao wa kifaa hiki unatoka wapi, na ni nani aliyeufunga?

Jibu ni kwamba gari liliuzwa likiwa limeungwa na kompani ya simu ya nchi moja, kwa mkataba wa mteja wa kwanza. Mkataba ule haukupanda meli.

Kadi iliyofungwa ndani ya gari

Toyota ilianza huduma ya intaneti ndani ya gari, iliyoitwa G-BOOK, mwaka 2002. Mnamo Juni 2018 ilitoa Crown na Corolla Sport mpya, ambazo zote zilikuwa na kifaa cha mawasiliano kinachoitwa DCM. Kwa maneno rahisi, DCM ni simu ndogo isiyokuwa na kioo wala vifungo, iliyofichwa ndani ya gari. Ina kadi yake ya SIM, lakini si ile ambayo mtu anatoa kwa ukucha na kuweka nyingine. Imefungwa na kiwanda, inatambua kompani moja ya simu, na inapeleka habari kwenye seva za mtengenezaji.

Kifaa hicho kinahitaji vitu vitatu ili kifanye kazi: mtandao wa simu ambao kinaufahamu, mkataba unaolipwa, na seva inayokubali kujibu. Gari likifika Bukavu, vyote vitatu vinakosekana. Kwa hiyo fundi anayeahidi kwamba "atafungua intaneti ya Toyota" kwa kugusagusa menyu, anauza hewa. Anaweza kubadilisha mambo mengine, lakini hawezi kuandika mkataba kwa niaba ya kompani ya Tokyo.

Shida hii si ya Waafrika peke yao. Nchini Marekani, kompani ya AT&T ilizima 3G mnamo Februari 2022, na magari ya viwanda vingi yakapoteza huduma za mtandao pamoja na mwito wa dharura, hata kama wenyewe walikuwa wamelipa magari hayo bei ya mapya. Nchini Uingereza, Nissan ilifunga Aprili 2024 programu ya simu iliyotumika kwa magari ya umeme ya Leaf na e-NV200 yaliyotengenezwa kabla ya 2016, kwa maelezo kwamba teknolojia ya 2G inaachwa. Gari linaweza kudumu miaka 20 ama zaidi, hasa mikononi mwa mafundi wa Kongo. Mtandao wa simu uliowekwa ndani yake haudumu hivyo.

Hapo kuna jambo la kuzingatia kwa miaka inayokuja. Magari yaliyotengenezwa kuanzia 2018 yameanza kuwa ya bei ambayo watu wa huku wanaweza kuifikia. Yanakuja na skrini nyingi zaidi kuliko yale ya zamani, na kila skrini inategemea zaidi mtu wa mbali.

Hata redio haikubali

Wenye magari hawakusubiri intaneti ili waonje shida hii. Redio ya FM nchini Japani ilipangwa kati ya 76 na 90 megahezi, na baadaye ikapanuliwa hadi 95. Nchini Kongo, redio ziko kati ya 87.5 na 108. Ndiyo maana gari lililotoka Japani linanyamaza likitafutiwa Radio Okapi, ambayo mjini Goma inasikika kwenye 105.2. Mafundi wanaongeza kifaa kidogo kinachoshusha masafa, lakini mara nyingi sauti inakuja na makelele, na namba inayoonyeshwa na redio si namba ya kweli.

Kuna pia hadithi ya kadi ya SD. Katika redio nyingi za Toyota zenye ramani, batri ikitolewa ao ikiisha kabisa, skrini inajifunga na kuomba kadi ya ramani ya mwanzo ao namba ya siri. Kadi hiyo mara nyingi imeibiwa ao imepotea njiani, na maandishi yote ni ya Kijapani. Mwenye gari anabaki na skrini nzuri inayoonyesha sentensi moja ambayo hawezi kuisoma. Hata mahali ambapo kadi ipo, ramani iliyo ndani yake ni ya Japani.

Kwa hiyo swali la intaneti ndani ya gari, huku kwetu, haliwezi kuwa "namna gani ya kufufua kile kilichowekwa na kiwanda". Swali ni: namna gani ya kuleta mtandao wa hapa kwenye gari lililotengenezewa mahali pengine, bila kupoteza pesa.

Njia nne zinazotumika

Njia ya kwanza, na iliyo rahisi kuliko zote, ni simu ya mkononi. Simu inatoa Wi-Fi, kile vijana wanaita "partage", na skrini ya gari inajiunga nayo kama simu nyingine yoyote. Hii inawezekana tu kama skrini ina Wi-Fi. Nyingi za zamani hazina. Zina Bluetooth peke yake, na hiyo inatosha kwa sauti: simu inacheza muziki, gari linatoa sauti. Magari mapya kidogo yanakubali Android Auto ao CarPlay, ambapo simu ndiyo inafanya kazi yote na skrini inakuwa kioo chake tu. Hapo lugha ya Kijapani haisumbui tena, kwa sababu kinachoonekana ni lugha ya simu.

Njia ya pili ni kuondoa redio ya kiwanda na kuweka skrini ya Android kutoka Uchina, zile zinazouzwa sasa katika miji yote mikubwa. Baadhi yake zina nafasi ya SIM. Ubora wake unatofautiana sana. Mnunuzi mwenye akili anakuja dukani na SIM yake, anaiingiza, anaomba ifungue ukurasa wa intaneti mbele ya macho yake, ndipo analipa. Kuna skrini ambazo zina tundu la SIM lakini hazishiki 4G ya kompani za hapa.

Njia ya tatu ni modemu ndogo ya Wi-Fi inayokaa ndani ya gari na kulishwa na umeme wa kiberiti cha gari. Faida yake ni kwamba simu ya shofere haichoki batri, na abiria wanaweza kuitumia. Hasara yake ni kwamba ni SIM nyingine ya kulisha.

Njia ya nne ni setilaiti. Antena ndogo ya Starlink, inayoitwa Mini, ilitolewa 2024. Ina uzito wa kilo moja na kidogo, na inaweza kulishwa na umeme wa gari. Lakini kuitumia gari likitembea kunategemea aina ya mkataba, na bei yake si ya shofere wa taksi. Ni chombo cha mashirika, wafanyabiashara na wachimba madini.

Katika njia ya pili na ya tatu, fundi wa umeme ana kazi nyeti. Waya mmoja unapaswa kupata umeme wakati ufunguo umewashwa tu, na mwingine wakati wote. Akivichanganya, skrini inaendelea kufanya kazi usiku kucha, na asubuhi gari linasukumwa na watoto wa mtaa.

Hesabu ya mega

Kinachoumiza zaidi si kifaa, ni mega. Hesabu yake haiko ngumu. Muziki unaopigwa kutoka intaneti kwa kiwango cha kawaida cha kilobiti 128 kwa sekunde unakula karibu mega 58 kwa saa. Shofere wa taksi anayefanya kazi saa 8 kwa siku atamaliza mega 460. Kwa siku 26 za kazi, ni karibu giga 12 kwa mwezi, kwa nyimbo peke yake. Video ya kiwango kidogo, kilobiti 1000 kwa sekunde, inakula mega 450 kwa saa moja. Ramani inayoonyesha njia inakula kidogo sana, mega chache tu kwa saa.

Kila mmoja anaweza kuweka hesabu hiyo pembeni ya bei ya forfait anayonunua na kuona kama mapato ya siku yanaibeba. Kwa wengi, jibu ni hapana. Ndiyo maana desturi ya zamani bado ina nguvu: kushusha nyimbo, mahubiri na habari nyumbani ao kazini ambako kuna Wi-Fi, kuziweka kwenye simu ao kwenye kadi ya USB, kisha kuzisikiliza njiani bila kukata mega hata moja.

Kuna pia wizi usioonekana. Skrini ya Android ikiungwa na Wi-Fi ya simu, inafikiri iko kwenye mtandao wa nyumbani usiokuwa na mwisho. Inaanza kushusha programu mpya bila kuuliza. Forfait ya wiki inaweza kuisha kwa saa moja, na shofere anawalaumu watu wa kompani ya simu. Dawa ni kuingia kwenye mpangilio na kuonyesha kwamba mtandao huo una kipimo, tena kuzuia programu zisijishushe zenyewe.

Kwa wakaaji wa miji ya mpakani, kama vile Goma, Bukavu na Uvira, kuna mtego mwingine. SIM iliyosahauliwa ndani ya skrini inaweza kushika mtandao wa Rwanda ao wa Burundi karibu na mpaka, na unite zikakatwa kwa bei ya nchi ya kigeni. Mtu akiwa na simu mkononi anaona jina la mtandao limebadilika. SIM iliyo nyuma ya skrini haisemi kitu. Kufunga mtandao wa nje kwenye SIM hiyo ni kazi ya dakika moja, na inafaa kufanywa siku ile ile inapowekwa.

Barabara isiyokuwa na mtandao

Hata aliye na mega za kutosha atakutana na barabara yenyewe. Nje ya miji, mtandao unakatika kilima kwa kilima, na ndani ya msitu wa Ituri ao katika bonde la Virunga hauna hakika. Ramani inayotegemea intaneti inaweza kupotea mahali ambapo mtu anaihitaji zaidi.

Kuna pia siku ambazo mtandao haukatwi na kilima. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini kote, na ilirudi karibu wiki tatu baadaye. Aliyeweka ramani na mawasiliano yake yote juu ya intaneti alijikuta kipofu kwa siku hizo zote.

Ikumbukwe kwamba GPS si intaneti. Kifaa kinapokea mahali kilipo kutoka setilaiti bila malipo na bila SIM. Kinachohitaji intaneti ni picha ya ramani. Kwa hiyo ramani ya jimbo lote ikishushwa mapema, skrini ya gari ao simu itaonyesha njia hata pale ambapo hakuna mtandao wa aina yoyote. Haitasema kama daraja limevunjika ao kama barabara imefungwa kwa sababu ya mapigano. Habari hiyo bado inatoka kwa mashofere wenzake, na mara nyingi wao wako na habari mpya kuliko ramani yoyote.

Nani analipa, nani anaamua

Huduma nyingi za gari za kisasa zinalipwa kila mwezi ao kila mwaka kwa kadi ya benki. Mashariki mwa Kongo, hapo ndipo mlango unafungwa kwa mara ya pili. Tangu Goma ichukuliwe na AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, kisha Bukavu mwezi uliofuata, benki za miji hiyo zilifunga milango. Watu waliendelea kuishi kwa pesa za mkononi na za simu. Mtengenezaji wa gari aliye Tokyo ao Detroit hapokei malipo ya namna hiyo. Kompani ya simu ya hapa inayapokea. Hiyo ni sababu nyingine inayofanya simu ya mkononi kuwa mlango wa kweli wa intaneti ya gari katika eneo hili.

Kwa upande wa serikali, ARPTC, mamlaka inayosimamia posta na mawasiliano, ilitoa onyo Machi 2024 kwamba Starlink haina ruhusa nchini. Mwanzoni mwa Mei 2025 ilitangaza kwamba kompani hiyo imepata leseni. Katika muda usiofika miezi 14, kifaa kilekile kilitoka kuwa kosa la sheria na kuwa huduma halali. Kwa mwenye gari, funzo ni kwamba kuweka pesa nyingi katika kifaa kimoja kabla ya kujua sheria inasema nini ni kucheza kamari.

Raia hawajasahau RAM pia, ule ushuru wa kuandikisha simu ulioanza 2020. Mwenye simu ya 2G alikatwa dola 1 kwa mwaka, na wa 3G ama 4G dola 7, moja kwa moja kutoka unite zake, hadi ushuru huo ulipoondolewa 2022 baada ya malalamiko makubwa. Gari lenye modemu nalo lina namba yake ya utambulisho kama simu. Siku serikali itakapofikiria tena ushuru wa vifaa, ni vizuri wenye magari, vyama vya mashofere na wabunge wawe tayari na swali: je, skrini ya gari ni redio, ni simu, ao ni kompyuta? Jibu lisipoandikwa mapema, litaandikwa kwenye bariera.

Gari linalokumbuka

Kuna upande mwingine wa kioo. Mnamo Mei 2023, Toyota yenyewe ilisema kwamba habari za magari ya wateja karibu milioni 2.15 nchini Japani, pamoja na mahali magari hayo yalipokuwa, ziliachwa wazi kwenye mtandao kwa karibu miaka kumi. Nchini Marekani, Januari 2025, tume ya biashara ya serikali ilichukua hatua juu ya General Motors kwa sababu ya kuuza habari za mwendo na mahali pa madereva bila kibali cha kutosha.

Gari lililofika Kivu halitumi tena habari zake Japani. Lakini skrini mpya iliyowekwa hapa inahifadhi mambo mengi: nyumbani kwa mtu, njia za kila siku, majina na namba za simu zilizoingia kwa Bluetooth. Katika eneo ambamo shofere mmoja anaweza kupita katika mikono ya vikosi mbalimbali kwa safari moja, orodha ya mahali alipopita si kitu cha mchezo. Sheria ya kidijitali ya 13 Machi 2023 inalinda habari za mtu nchini Kongo, lakini hailindi skrini iliyoachwa bila namba ya siri. Anayeuza gari anapaswa kufuta kila kitu kabla ya kutoa ufunguo. Anayenunua afanye vilevile, kwa kuwa hajui aliyemtangulia alikuwa nani.

Na kuna usalama wa kawaida. Sheria ya barabara ya Kongo ni ya 30 Agosti 1978. Iliandikwa kabla mtu hajafikiria sinema mbele ya usukani. Video inayochezwa mbele ya shofere kwenye mteremko wa Kabare ao kwenye kona za Lubero inaweza kuua abiria waliolipa kwa kumwamini.

Kile kinachobaki mikononi mwa mnunuzi

Skrini ya gari la Japani inafaa kuhesabiwa kuwa kioo na kipaza sauti tu, hadi ihakikishwe vingine. Muuzaji anayeongeza bei kwa sababu ya "gari lenye intaneti" aombwe kuiwasha hapo hapo. Kama skrini ina Bluetooth inayokubali simu, na kama ina Android Auto ao CarPlay, kuna thamani ya kweli. Kama inategemea kadi ya SD ya Kijapani, thamani hiyo ni ndogo.

Viwanda vitaendelea kufunga huduma wanapotaka, na kompani za simu za Japani hazitauliza maoni ya Butembo kabla ya kuzima mtandao wao. Kilicho karibu ni bei ya mega, minara ya simu kwenye barabara za taifa, na sheria iliyo wazi juu ya vifaa vyenye SIM. Hayo matatu yanaamuliwa Kinshasa na katika ofisi za kompani zinazouza unite hapa nyumbani, na ni huko ambako malalamiko ya mashofere yanaweza kuwa na mahali pa kufika.